Mashine Inazimika Katikati ya Ruvu

Jumatatu, 9 Machi 1953

Leo karani wa boma la Kisarawe amenikabidhi mashine ya boti, akaniagiza niandike kila siku imevusha watu wangapi. Hayo nitayaandika kwenye daftari lao. Hili ni langu mimi, Mwishehe, nimelinunua dukani kwa Abeid pale Mlandizi, na humu nitaandika ninayoyataka.

Mashine yenyewe ni kikongwe. Ilikuwa ya Mgiriki mmoja wa mkonge, akaichoka, boma wakaichukua. Ni ya kufunga nyuma ya boti, huwashwa kwa kuvuta kamba, na tangi lake la petroli limekaa juu kabisa, imejitwika kama mwanamke atokaye kisimani. Kifuniko cha tangi kina tundu dogo la skrubu, na skrubu haipo. Nikauliza iko wapi. Karani akanijibu, "Wewe si ulikuwa fundi wa malori vitani? Jitafutie." Haya bwana. Nilitengeneza malori Burma huku tope limenifika kiunoni, nitashindwa na kidude cha kuvukia Ruvu?

Mke wangu Mwanne amefurahi kuliko mimi. Binti yetu Mwanahalima ameolewa ng'ambo, njia ya kwenda Kwala, na ana mimba ya kwanza, mwezi wa saba sasa. Kwetu mimba ya kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama. Nimemwambia Mwanne, "Safari hii mwanao atavuka mto kama mke wa Liwali." Akacheka, akasema, "Wewe na maneno! Mlete kwanza."

Jumatano, 11 Machi

Msaidizi niliyepewa ni Saburi, kaka yake Mwanne, shemeji yangu mwenyewe. Miaka ishirini na miwili amevusha watu hapa kwa mtumbwi na pondo la kusukumia, na sasa boma wamemwambia akae mbele ya boti yangu na kufunga kamba. Hakunung'unika. Kabla hatujaondoka alichota unga wa mchele kwenye kifuko chake, akautupa majini, akasemasema na wazee wake chini ya pumzi.

Nikamwambia, "Shemeji, mashine haili unga, inakunywa petroli."

Akasema, "Unga si wa mashine, Fundi. Ni wa mwenye mto."

Tumevuka kwa dakika nne.

Jumapili, 15 Machi

Mvua ya kwanza ya masika. Watu tisa na mbuzi wawili. Mashine inaimba.

Alhamisi, 19 Machi

Leo imekohoa, ikashikwa na kwikwi, ikafa. Nikavuta kamba mpaka bega likaniuma. Watu kumi na mmoja wananitazama, na mwanamke mmoja nyuma anasema kwa sauti ya kusikiwa, "Saburi angekuwa ameshatufikisha."

Saburi alichukua kafi akatufikisha kweli. Tulipofika nikaimimina petroli kidogo kwenye chupa nyeupe, nikaitikisa, nikaiacha itulie. Chini kukakaa maji, robo kidole. Nikaichuja petroli yote kwa kofia yangu ya jeshi, ile ya sufu nzito, maana petroli hupita na maji hubaki. Nikavuta kamba mara mbili, ikawaka.

Nilikwenda dukani nimefura. Nikamwambia Abeid, "Unaniuzia petroli au mchuzi?" Abeid akaniapia. Akasema debe huja na lakiri yake, halifunguliwi dukani. Kisha akainamisha kichwa, akauliza pole pole, "Debe likishafika kivukoni linalala wapi?" Nikasema bandani. "Na bandani analala nani?"

Analala Saburi. Masika yote hulala pale kulinda boti.

Ijumaa, 20 Machi

Nimekwenda kulitazama banda. Makuti yanavuja, na tone linaangukia juu ya debe barabara. Hilo nalikubali. Lakini nani alilisogeza debe mpaka chini ya tone?

Jumapili, 22 Machi

Nimepata dawa. Kwetu kibuyu cha asali huzibwa kwa nta ya nyuki, na mwenye asali hubonyeza dole gumba lake juu ya nta ingali laini. Mwizi akifungua, nta inamwumbua. Basi nimelizungushia nta kifuniko cha tangi, na lile tundu la skrubu nimelijaza nta pomoni, mvua isipate pa kuingilia. Juu yake nimebonyeza dole gumba langu lenye kovu. Sasa aje mtu atie maji tuone.

Saburi alikuwa anasuka kamba, akanitazama. Akasema, "Unafunga asali, shemeji?"

"Nafunga midomo ya watu," nikamjibu.

Ijumaa, 27 Machi

Mto umepanda. Nimechomeka vigingi vitano ukingoni ili niupime, na maji yamefika kigingi cha pili. Siku hizi hatuvuki moja kwa moja. Tunapanda kwanza kandokando mpaka kwenye mkuyu ulioanguka, ndipo tunakata, la sivyo maji yanatuchukua. Dakika nne zimekuwa ishirini.

Katikati, mashine imezimika. Haikukohoa wala nini. Ilipungua, ikapungua, ikanyamaza. Nta ilikuwa nzima, kovu langu linaonekana. Nikaibandua, nikafungua tangi: petroli imo, safi, inanukia. Nikafunga, nikasafisha plagi, nikavuta. Ikawaka mara moja.

Nimejiambia ilikuwa plagi.

Jumatano, 1 Aprili

Imezimika tena, mahali pale pale, mbele ya mkuyu. Nimefungua tangi, safi. Nimefuta plagi. Ikawaka.

Safari hii nilimtazama Saburi. Mashine ilipoanza kupungua yeye alikuwa ameshaanza kusemasema. Amekaa mbele, amenipa mgongo, midomo inacheza. Ilipozima akanyamaza.

Ijumaa, 3 Aprili

Nimeifumua kabureta yote juu ya mkeka, Mwanne akinifokea kwamba mkeka wake utanuka petroli mpaka Kiama. Kitundu kinachorusha petroli nimekizibua kwa njiti ya ufagio. Boya linaelea vizuri. Bomba nimelipuliza mpaka nikaona nyota. Nikaifunga mashine kwenye boti ukingoni, nikaiwasha. Dakika tano nzima imenguruma bila kigugumizi. Nikaizima mwenyewe, nimeridhika.

Mashine ni nzima. Petroli ni safi. Basi ninauliza, kinachoizima ni nini?

Jumatatu, 6 Aprili

Imezimika mara mbili leo. Kigingi cha tatu.

Mkwe wangu Mwinyijuma amevuka kuja kuuliza lini nitamchukua Mwanahalima. Miguu imeanza kumvimba, na mama yake Mwinyijuma anaona haya kukaa na mimba ya kwanza ya watu. Nikamwambia asubiri, siwezi kumpandisha mwanangu kwenye mashine inayozimika.

Saburi akadakia, "Mashine iache. Nipeni mtu mmoja wa kushika kafi, kesho asubuhi nitamvusha kwa mtumbwi. Maji bado yanaingilika. Wiki ijayo siahidi."

Sijui nilipandwa na nini. Nilimwambia, "Mashine ikishindwa, wewe ndio unapata, sivyo? Watu warudi kwenye pondo lako!"

Akasema, "Mwishehe, yule ni mtoto wa dada yangu. Kwetu sisi ni wangu kabla hajawa wako."

Ni kweli, kwa Wazaramo mjomba ndiye mwenye mtoto. Lakini maneno yale yaliniingia vibaya. Mwinyijuma alikuwa anatutazama mmoja mmoja. Nikakataa.

Jumanne, 7 Aprili

Mwanne hasemi nami. Ugali ulikuwa mbichi.

Ijumaa, 10 Aprili

Imezimika. Nta nzima.

Jumanne, 14 Aprili

Kigingi cha nne. Mamba amechukua mbwa wa Abeid mbele ya macho yetu, pale pale tunapopandishia abiria. Saburi ametupa unga mara tatu leo, na mashine imezimika mara tatu.

Ijumaa, 17 Aprili

Baada ya swala ya Ijumaa watu waliniuliza habari za mashine, nami nikasema. Nilisema kuna mtu anasemasema, na kila akisemasema mashine inazima. Sikutaja jina. Abeid akasema, "Mbona unamficha? Kivuko kilikuwa cha nani?" Wote wakaitikia, mmm.

Nilirudi nyumbani nimepoa moyo kama aliyetua mzigo.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimemfukuza Saburi. Nilimwambia atoe mkeka wake bandani na asiikanyage boti yangu. Alikunja mkeka, akachukua pondo lake na kafi. Akauliza kitu kimoja tu: "Mwanahalima utamvusha na nani?" Nikamjibu, "Na mashine."

Mwanne amelia mchana kutwa. Amesema, "Umenitenga na tumbo la mama yangu kwa ajili ya chuma cha Mgiriki." Nikamwambia atanishukuru.

Jumatatu, 20 Aprili

Barabara imekatika, petroli haiji, Abeid amebakiwa na debe moja na kidogo. Nimetia robo tangi tu. Nimevuka kwenda na kurudi. Haikuzimika!

Jumatano, 22 Aprili

Robo tangi. Kwenda na kurudi. Haikuzimika.

Ijumaa, 24 Aprili

Haikuzimika. Nimewaambia wote msikitini. "Tangu nimwondoe yule bwana, mashine inakwenda kama saa." Sasa jina nililitaja. Mzee mmoja akasema, "Basi huyo ni wa kunyolewa." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Kunyolewa ni kupelekwa kwa mganga, ukanyolewa kichwa, ukanyweshwa dawa ya kuua uchawi. Nywele huota. Jina la mchawi halitoki.

Nilishtuka kidogo. Nikavaa viatu, nikaenda zangu.

Jumanne, 28 Aprili

Kigingi cha tano kimefunikwa. Mto una rangi ya chai ya maziwa na unabeba miti mizima na mizizi yake. Petroli imefika, madebe mawili. Kesho ninakwenda kumchukua Mwanahalima, Mwanne atakuja kumpokea mwanawe kama desturi inavyotaka. Amenitengea wali leo, na amenipikia na kisamvu.

Jumatano, 29 Aprili, na ninaandika Alhamisi asubuhi

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Tuliondoka saa mbili asubuhi, mimi na Mwanne. Mashine ilikuwa na petroli kidogo, nikabeba debe moja zima ndani ya boti. Tulivuka salama. Tulipofika tukamkuta Mwinyijuma ukingoni anahangaika. Mwanahalima alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, mapema kuliko tulivyohesabu. Wakunga wa kule wamemshika tumbo, wamesema mtoto amekaa vibaya, apelekwe kwa dresa wa zahanati Mlandizi upesi.

Nikasema, leo sibahatishi. Nikajaza tangi mpaka mdomoni, debe na mabaki yake nikaliacha ukingoni. Nikafunika, nikaiyeyusha nta, nikaziba kila mahali, nikabonyeza dole gumba. Mvua ilikuwa inanyesha, na sikutaka tone hata moja liingie mle. Wakati wote huo Mwanahalima alikuwa ameshalazwa ndani ya boti juu ya kanga, anamng'ang'ania mama yake.

Tukaondoka. Hata dakika kumi hazijatimia, nikasikia sauti ninayoijua. Ikapungua, ikapungua, ikanyamaza.

Nilivuta kamba. Nilivuta, nilivuta. Maji yakatugeuza ubavu, yakaanza kutuchukua chini. Mwinyijuma alishika kafi lakini yeye ni mkulima, analipiga maji kama anapalilia. Nikatoa plagi ya kwanza, nikafuta, nikarudisha. Ya pili, nikafuta, nikarudisha. Nikafungua kikombe cha kabureta, petroli ikadondoka tone moja moja, ikakoma. Nikasema kimeziba, nikafungua bomba, nikapuliza. Tangi sikulifungua. La nini? Nililijaza mwenyewe sasa hivi, na nta ilikuwa nzima. Siku nyingine zote nilifungua kuhakikisha hakuna aliyetia maji. Jana sikuwa na wa kumshuku, maana mshukiwa nimeshamfukuza.

Mwanahalima alipiga kelele sijapata kuzisikia hata vitani. Mwanne akasema, "Mwishehe, geuza uso," nikageuza. Nikabaki natazama ukingo unavyokimbia. Na pale ukingoni nikamwona Saburi. Alikuwa anakimbia katika matope, ana kamba begani, anapunga mkono, anatuita, maneno hayasikiki. Mwinyijuma naye akamwona. Akasema, "Yule pale! Hata leo amekuja kututazama!" Nami, Mungu anisamehe, nikaitikia.

Tulikwama kwenye matawi ya mti uliozama, boti ikawa inagongagonga. Saa yangu ilionyesha saa nne na robo. Tulikuwa tumepoteza zaidi ya saa nzima. Nyuma yangu nikasikia mtoto analia. Mara moja tu, kilio kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu. Nikangoja cha pili. Mwanne akawa anasema, "Lia, baba, lia, lia mume wangu." Hakulia.

Mwanahalima alikuwa anatoka damu. Mwanne aliniambia kwa sauti kavu, "Kama hatufiki, na huyu anakwenda."

Mikono yangu ilikuwa imejaa grisi na sikuweza kuishika plagi. Nikataka petroli ya kunawia. Nikaing'oa nta kwa kucha, nikakisokota kifuniko.

Tangi likavuta pumzi. Fyuuuu! Ndefu, kama ya mtu aliyezama akaibuka. Niliisikia, na nikaihisi kidoleni, hewa inaingia ndani kwa nguvu. Nilivuta kamba mara moja. Ikawaka.

Nilisimama pale na kifuniko mkononi. Tundu lile la skrubu ni pua yake. Petroli inatoka chini, hewa lazima iingie juu, la sivyo petroli haishuki. Mtoto wa shule anayefunga mdomo wa chupa kwa kidole anajua. Ukilijaza tangi inazima upesi, ukitia robo inachelewa, maana ndani mna hewa ya kutosha kuvukia. Ukifungua kuchungulia inawaka, ukadhani ni plagi. Kila kitu kilijipanga kichwani mwangu, siku moja moja tangu nta ya kwanza, wakati mashine inanguruma na binti yangu anatoka damu.

Nilikitupa kifuniko mtoni. Tulifika. Dresa amemzuia Mwanahalima asife. Mtoto alikuwa wa kiume.

Alhamisi, 30 Aprili

Kwa kuwa alilia, alipewa jina, akaoshwa, akaswaliwa. Mwinyijuma amemwita Mashaka. Nilishuka kaburini kumpokea. Hakuwa na uzito.

Ijumaa, 1 Mei

Msikitini hawakuzungumza jingine. Mwinyijuma alisimama, macho mekundu, akasema alimwona Saburi kwa macho yake ukingoni, na kwamba hata baba mkwe alimwona. Wakanigeukia. Nilifungua kinywa. Nikasema, "Nilimwona." Basi, hilo tu. Lilikuwa kweli.

Mbona sikusema lile jingine? Nimejiuliza usiku kucha. Niliogopa uso wa Mwinyijuma. Niliogopa uso wa Mwanne. Tena niliona haya, na hili ndilo linanichoma, haya ya fundi, fundi wa Burma aliyeziba pua ya mashine kwa nta ya asali.

Jumamosi, 2 Mei

Wamemnyoa.

Walimchukua kabla ya adhuhuri, watu kama thelathini, Mwinyijuma mbele. Saburi hakupigana. Walipomrudisha walimpitisha uani kwangu makusudi, ili mfiwa ashuhudie. Kichwa chake kimekwanguliwa mpaka kinatoka damu, mvua inamchuruzika usoni, na kifuani wamempaka dawa nyeusi. Mwanne alianguka chini. Mwanahalima alikuwa amelala ndani, lakini dirisha lilikuwa wazi.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai.

Jumapili, 3 Mei

Leo nimesema.

Nilikwenda kwa Jumbe asubuhi, nikamwomba aite watu kivukoni, na Mwinyijuma awepo, na Abeid, na Saburi. Walikuja wakidhani kuna dawa nyingine ya kufanywa. Niliifunga boti kwa kamba mbili kwenye gogo. Kifuniko kipya nilikichonga kwa bati jana, nikakitoboa tundu kwa msumari. Nikajaza tangi mbele yao. Abeid akainusa petroli, akakubali ni safi. Nikawasha.

Nikasema, "Nimeanza kuitia nta tangu Machi. Tazameni ninavyoitia." Nikaziba kifuniko, nikaziba tundu, nikabonyeza dole gumba. "Sasa ngojeni. Mtu yeyote asiseme neno. Saburi naye, mzibeni mdomo mkitaka."

Tukangoja. Mashine ikanguruma, maji yanachemka nyuma yake. Dakika moja. Tatu. Tano, watu wakaanza kutazamana. Nitaandika ukweli: dakika ya sita nilimwomba Mungu isizime. Ingeendelea tu, ningekuwa mjinga aliyechanganyikiwa kwa msiba, ningepewa pole, nikarudi nyumbani.

Dakika ya saba ikapungua. Ikapungua. Ikanyamaza.

Nikamwita Mwinyijuma, nikamshika kidole, nikakiweka juu ya tundu. Nikaibandua nta. Tangi likavuta pumzi, naye akaihisi. Nikavuta kamba mara moja, ikawaka.

Hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Mwinyijuma alikitazama kidole chake muda mrefu. Akasema, "Kumbe baba..." Akapanda ukingo akaenda zake, na wale thelathini wakaanza kutawanyika mmoja mmoja, kila mtu ana shughuli ya ghafla. Abeid ndiye aliyekuwa wa kwanza.

Tukabaki mimi na Saburi. Nilimpigia magoti kwenye matope. Nikamwambia yote, na kwamba nilijua tangu Jumatano.

Saburi alijipapasa kichwa. Akasema, "Unga wangu, shemeji, nilikuwa naiombea mashine yako isizime. Mle botini na mimi nilikuwemo." Kisha akauliza, "Mwanahalima anakula?"

Nikasema anakula kidogo.

Akasema, "Mleteni kwangu amalizie arobaini. Kwako asikae."

Jumanne, 5 Mei

Wameondoka leo. Mwanne amefunga kanga zake kwenye kapu tangu jana, hakuniuliza wala mimi sikumzuia.

Mwanahalima aliomba akae nami kidogo kwanza. Alikaa kitandani, amekonda, maziwa yamelowesha kanga yake kifuani. Akasema, "Baba, nitakuuliza, na wewe unijibu."

Nikasema, "Uliza, mwanangu."

"Uliposhuka kaburini kumpokea mwanangu, ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa nimeshajua."

"Na Jumamosi? Walipompitisha mjomba hapa uani na kichwa kile?"

"Nilikuwa nimeshajua."

Akatikisa kichwa pole pole, kama mtu anayekubali bei. Nilitaka kumweleza habari za haya na woga, nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri. Aliinuka kwa kushika ukuta. Nikanyoosha mkono nimsaidie, akasema, "Acha, baba, nitaweza," na akaweza.

Saburi alikuwa anangoja nje na kofia imeshuka mpaka masikioni. Mwanne akamshika binti yake kiunoni, wakatoka. Mlangoni Mwanne aligeuka akatazama ndani, nikainuka, nikadhani ana neno la kuniambia. Alikuwa anatafuta ndara za Mwanahalima.